Kompyuta Ni Yangu, Siri Si Zangu Peke Yangu

Barua ya kampuni ya Uingereza ninayoifanyia kazi ilikuwa fupi na ya adabu. Kuanzia mwezi unaofuata, kila anayefanya kazi nao kwa mkataba ataweka programu ya kuhesabu muda kwenye kompyuta anayoitumia. Chini yake palikuwa na kiungo cha kupakulia na maneno ya kututuliza: hata dakika tano haziishi, kazi imekwisha.

Mimi ni mtu wa hesabu. Napanga ankara, risiti na taarifa za benki za maduka na mikahawa midogo ya Uingereza, nikiwa chumbani kwangu Tudor, Mombasa, orofa ya tatu, feni ikilalamika juu ya kichwa. Jina la kampuni silitaji, na ugomvi nayo sina. Malipo yao huingia siku waliyoahidi, jambo ambalo sikulizoea nilipokuwa nimeajiriwa hapa hapa mjini. Lakini kompyuta wanayoisema si yao. Niliinunua kwa pesa yangu kabla hata sijawajua, na nyumbani kwetu ilikuwa ndiyo pekee.

Kile kiungo sikukibonyeza. Nilitafuta kwanza maelezo ya programu nikayasoma yote, pamoja na yale ya herufi ndogo ambayo huandikwa ili yasisomwe.

Programu za aina hii zinafanana sana. Ukianza kazi unaiwasha, nayo inahesabu muda. Kila baada ya kitambo inapiga picha ya skrini, kwa wakati usioujua, ikaipeleka kwenye seva. Inahesabu umegonga vitufe mara ngapi na kipanya umekisogeza mara ngapi. Nyingine zinaandika majina ya programu ulizofungua na anwani za tovuti ulizopitia, na nyingine zina uwezo wa kuwasha kamera. Wanaofanya kazi za kulipwa kwa saa kupitia Upwork, tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, wanaujua mtindo huu siku nyingi. Kule picha ni sita kwa saa, moja ndani ya kila dakika kumi, na ukiona picha imebeba lisilohusu kazi unaweza kuifuta mwenyewe, ila zile dakika kumi hulipwi. Huko mtu angalau ana uwezo wa kufuta. Katika hii tuliyoletewa sisi, uwezo huo alikuwa nao msimamizi peke yake.

Kilichonishughulisha zaidi ni kwamba picha inachukua skrini yote, si dirisha la kazi tu. Ujumbe wa shangazi ukichomoza pembeni wakati mimi nahangaika na ankara ya muuza samaki wa huko Uingereza, nao umo. Faili nililoliacha wazi nyuma ya Excel, likionekana kipande, nalo limo.

Sasa hebu niwaambie kuna nini kwenye laptopu hii.

Kuna picha za kupamba za dada yangu. Usiku ule ni wa wanawake watupu. Bibi harusi amekaa jukwaani na dhahabu zake, wageni wamevua mabuibui, nywele zimetengenezwa saluni tangu asubuhi, na mlangoni yupo mama mmoja asiyecheka anayekusanya simu. Kadi ya mwaliko yenyewe iliandikwa simu na kamera haziruhusiwi. Mpiga picha alikuwa mwanamke, tuliyemtafuta kwa kuulizia, naye akatukabidhi flashi moja na kuzifuta zilizobaki kwenye kamera yake mbele ya macho yetu. Ile flashi ikaishia kwenye laptopu hii kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi. Humo ndani wamo wake za watu na mabinti za watu, ukumbi mzima, wengine hata majina siwajui.

Kuna karatasi za mirathi ya babu, nilizozipiga skani kabla hazijapelekwa Mahakama ya Kadhi: warithi ni nani, nani ana fungu gani, na ile nyumba ya Kibokoni inayofanya wawili kati yao wasisemezane mpaka leo. Kuna daftari la chama cha mama, ambalo nalijaza mimi kwa sababu mama hapendi kuandika: nani ametoa, nani amekopa, na nani ameomba deni lake lisitajwe mbele ya wenziwe. Kuna majibu ya vipimo vya sukari vya ami yangu. Kuna kazi za shule za mpwa wangu, jina lake kamili, jina la shule yake, na picha yake akiwa na sare. Kuna PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, ya mama, ya ami, na ya jirani wa orofa ya chini ambaye hunijia kila Juni siku zikiwa zimeshakwisha, nimjazie marejesho ya kodi.

Vyangu mimi humo ni vichache. Vyeti vyangu, mikataba, na mapishi niliyoyahifadhi na sitayapika.

Nilimweleza mama tukiwa jikoni, yeye akikanda unga wa mahamri. Hakuniuliza programu inafanyaje kazi.

“Kwani huyo bosi wako akiziona hizo picha, mimi nitawaambia nini wenyewe?”

“Wenyewe gani, mama?”

“Wenye nyuso zao, mwanangu. Wale walikuja kwetu kwa kuwa tuliwaahidi sitara. Hiyo kompyuta yako ni lile kasha la bibi yako, kila mtu ana chake ndani. Wewe umepewa ufunguo tu.”

Akaendelea kukanda. Ndiyo desturi yake, akishasema neno zito hulifunika kwa kelele za sufuria.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu faragha ya wanaofanyia kazi nyumbani, na karibu yote yanamzungumzia mfanyakazi na mwajiri, wawili tu. Wewe una faragha yako, yeye ana pesa yake, pimeni mkubaliane. Ukitia sahihi umeridhia, mambo yamekwisha. Labda inatosha kwa mtu anayeishi peke yake na laptopu yake. Kwetu, ambako kompyuta moja inahudumia ukoo, mimi nikiridhia nimeridhia la kwangu. Siwezi kumridhia yule mama aliyevua buibui kwenye harusi ya dada yangu. Yeye hajui hata kama nina kazi.

Basi nikaifungua Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Sikutegemea mengi. Nilidhani ni maneno ya mabenki na kampuni za simu, na zile kampuni za mikopo zinazowapigia watu wote walio kwenye simu yako ukichelewa kulipa. Nikaikuta nyumba yetu. Sheria inazitaja data nyeti, na ndani yake imeweka afya, imani, mali, hali ya ndoa, na habari za familia yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mke au mume. Karatasi za mirathi ya babu peke yake zimegusa karibu orodha yote. Kifungu cha 25 kinataka zichukuliwe data zinazohitajika kwa kazi yenyewe na zisizidi hapo, na kwamba habari za familia au mambo ya faragha zisikusanywe isipokuwa pametolewa maelezo yenye mashiko ya kwa nini zinatakiwa. Kifungu cha 33 kinasema data za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi wake. Mimi kwa mpwa wangu ni mama mdogo tu, na dada yangu mkubwa ni mtu wa kuuliza maswali.

Kuna na kifungu cha 51, ambacho kinawaachia watu mambo yao ya nyumbani. Kwa hiyo mimi kuweka picha za harusi ya dada yangu, au kumwandikia mama daftari lake la chama, si jambo la kumhangaisha Kamishna wa Data. Lakini zikishapigwa picha na programu ya kazi zikapelekwa kwenye seva ya kampuni, kwa akili yangu mimi nisiye wakili, hayo si mambo ya nyumbani tena. Wala kampuni haiwezi kusema iko mbali: kifungu cha 4 kinamfikia hata asiye na makao Kenya, maadamu anashughulikia data za watu walioko hapa. Yote haya yamejengwa juu ya Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, ambayo inampa kila mtu haki ya habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisidaiwe wala zisifichuliwe pasipo haja. Kila mtu, pamoja na asiye na mkataba na bosi wangu.

Huko kwao wenyewe nako nikapita. Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ilitoa mwongozo Oktoba 2023 kuhusu kuwafuatilia wafanyakazi, na imeandika waziwazi kwamba mtu anayefanya kazi nyumbani hutarajia faragha zaidi kuliko aliye ofisini, na kwamba hatari ya kunasa mambo ya familia huko ni kubwa zaidi. Niliufurahia mstari huo, kwa sababu ni vigumu bosi wa Uingereza kuniambia hayo ni mambo yenu ya Mombasa.

Lakini lililonikaa zaidi ni la Bogdan Bărbulescu wa Romania. Alikuwa mhandisi wa mauzo Bucharest. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja, naye akafungua. Julai 2007 akaitwa, akaambiwa ameitumia kwa mambo yake. Akakana. Akawekewa mbele kurasa 45 za mazungumzo yaliyochapishwa, na mengine yalikuwa yake na ndugu yake na mchumba wake, ya afya na ya chumbani. Agosti mosi akafukuzwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimkatalia kwanza mwaka 2016, kisha baraza lake kuu, tarehe 5 Septemba 2017, likampa haki kwa kura 11 dhidi ya 6: mahakama za kwao hazikuhakikisha kama aliambiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Kesi inatajwa kila mahali kama ya Bărbulescu na mwajiri wake. Mimi namfikiria yule mchumba. Maneno yake yalisomwa ofisini na watu asiowajua, na yeye hakuwa ameajiriwa na yeyote mle. Hapo kompyuta yenyewe ilikuwa ya kampuni. Yangu hata si yao.

Niliwaandikia. Kwa upole, maana bado nataka kazi. Niliuliza picha zinapigwa za skrini yote au za dirisha la kazi, zinahifadhiwa nchi gani na kwa muda gani, nani anazitazama, na mkataba ukiisha zinafutwa na nani. Halafu nikauliza: picha ikimnasa mtu ambaye si mimi, uso wake au habari zake, mnafanya nini? Maswali ya mwanzo yalijibiwa vizuri, na dada aliyenijibu alionyesha kwamba ameyafuatilia. La mwisho alisema hajawahi kuulizwa, atalipeleka mbele. Kwa sasa, akashauri, fungua akaunti ya pili kwenye kompyuta yako iwe ya kazi tu.

Ushauri huo utausikia kwa wengi, kwa hiyo niuseme vizuri. Akaunti ya pili inasaidia. Kwenye Windows, mtumiaji wa kawaida asiye na paswadi ya msimamizi wa kompyuta hafungui folda za mwenziwe, na ukiwa kwenye akaunti ya kazi ujumbe wa shangazi hauchomozi. Kwa mtu ambaye hana njia nyingine, aifungue leo. Ila programu ya kufuatilia, wakati wa kuiweka, kwa kawaida huomba ile ile paswadi ya msimamizi. Ukiipa, umeiruhusu kukaa chini ya akaunti zote, ikaamka kila kompyuta inapowashwa, na hakuna kufuli inayoizuia kusoma folda yoyote kwenye diski. Sisemi zinasoma. Nasema kinachozizuia ni ahadi ya aliyeitengeneza, na ahadi hiyo mimi siwezi kuikagua. Kwenye Mac kuna afadhali kidogo, kwa kuwa tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 programu haiwezi kunasa skrini mpaka uiruhusu kwa mkono wako kwenye mipangilio. Programu za kawaida za Windows hazikuombi.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawauoni kabisa. Unapoingiza akaunti ya kazi kwenye Teams au Outlook, Windows inakuuliza kama unaruhusu shirika lako lisimamie kifaa chako, na mara nyingi kisanduku cha kukubali huwa kimeshatiwa alama. Mtu mwenye haraka anabonyeza sawa. Chini yake, kwa maandishi madogo, kuna njia ya kuingia kwenye programu hiyo peke yake, na hiyo ndiyo ya kuchagua kama mashine ni yako. Ukikubali ile ya kwanza, kulingana na namna kampuni ilivyopanga mambo yake, unaweza kujikuta wanaamua paswadi yako iwe ndefu kiasi gani, wanasukuma programu bila kukuuliza, hata wanaweza kuifuta kompyuta wakiwa mbali siku mtakapoachana. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, utazame pale pa kazi au shule. Ukikuta jina la kampuni ulikoacha kazi zamani, usishangae. Kwenye Chrome, fungua menyu utazame mwisho wake. Kama kivinjari kinasimamiwa na shirika kitakwambia chenyewe. Hapo fungua wasifu wa pili wa kivinjari kwa ajili ya kazi, usichanganye paswadi zako za benki na mambo ya ofisi.

Na ukiambiwa uweke cheti cha usalama cha kampuni, uliza ni cha nini. Kuna vyeti ambavyo vikishakubaliwa na kompyuta, mitambo ya kampuni inaweza kufungua na kusoma hata trafiki ya tovuti zenye alama ya kufuli, maadamu inapita kwao. Ofisini, kwenye mashine ya ofisi, sina neno. Kwenye laptopu yenye PIN ya KRA ya mama, hapana.

Mdogo wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hapo chini tu, alinishauri niweke kompyuta pepe: Windows ya pili inayoendeshwa ndani ya ya kwanza, programu ya kufuatilia ikafungiwa mle, isione cha nje. Kwa nadharia yuko sawa. Tulijaribu. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 ikawa inatoa joto la kukaangia viazi karai, na Excel ikawa inafikiri kabla ya kila herufi. Tukaachana nayo.

Nikanunua mashine nyingine. Najua si kila mtu anaweza, na inaniudhi kwamba jibu la faragha liwe ni kutoa pesa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye duka moja la juu huko Moi Avenue nikapata ThinkPad ya mtumba, iliyotumika ofisini Uingereza, kwa bei isiyofika Sh25,000. (Imetoka Uingereza, imekuja Mombasa, inafanya hesabu za Uingereza. Maskini.) Na hapa kuna jambo nataka mlisikie wanunuzi wa laptopu za mtumba. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni, na baadhi hazikutolewa kwenye orodha ya kampuni ya kwanza. Dukani inawaka vizuri, kwa sababu fundi ameweka Windows bila kuiunganisha na intaneti. Siku utakapoirudisha upya ukiwa umeunganishwa, inakudai barua pepe ya kazi ya kampuni usiyoijua, na hapo umekwama. Na hata isipokudai, hutaki kompyuta ambayo mtu mwingine bado anahesabu ni yake.

Nikamwambia fundi, “Kaka, irudishe upya hapa hapa, tuiunganishe na intaneti ya simu yangu.”

“Dada, itachukua muda.”

“Nitakaa.”

Akaniletea kiti. Ya kwanza ikatoa jina la kampuni ya bima. Fundi akaitazama kama anayeona jini, akaiweka chini ya meza bila neno. Ya pili ikafunguka safi, ndiyo niliyochukua. Nilimwomba pia anionyeshe kwamba haina paswadi ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, maana hiyo nayo huja na mtumba na kuiondoa ni kazi.

Kwenye mashine hiyo nimewasha usimbaji wa diski, ili asiye na paswadi asisome kilichomo, nimeweka programu yao, na sijaingiza akaunti yangu yoyote ya binafsi. Hili la mwisho ndilo gumu. Ukiingia Google yako mara moja tu, kutafuta faili moja, picha zinaweza kurudi zenyewe kupitia mlango wa nyuma, na WhatsApp ya kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Nikitaka kumjibu mtu nachukua simu. Kwenye ruta nimefungua mtandao wa wageni, laptopu ya kazi inakaa huko, haikutani na vifaa vingine vya nyumba. Ile programu ya kutoa namba za kuingilia nimeiweka kwenye simu yangu bila wasiwasi, kwa sababu hiyo peke yake haimpi mtu mamlaka juu ya simu. Walichotaka kuongeza baadaye, cha kusimamia simu nzima, nilikataa. Wenye Android wakiambiwa waweke mambo ya kazi, waulizie ule wasifu wa kazi unaokaa pembeni na alama yake ya mkoba; upande wako wa binafsi hawauoni.

Watu wengine wakisikia faragha hukimbilia kamera. Nimeona vibandiko vya kila rangi, mpaka vya katuni. Vibandikeni, sina neno, lakini wengi wa hao hao wanafungua taarifa za M-Pesa kwenye skrini inayopigwa picha. Kamera mimi naijali wakati wa mikutano, kwa ajili ya mama, ambaye hawezi kukumbuka kwamba ukuta wa chumba changu siku hizi una macho, naye hupita kichwa wazi kutafuta kanga. Nimeigeuza meza ili mgongo wangu uwe ukutani na mlango uwe nyuma ya skrini. Mkutano ukiisha, kamera imezimwa. Mwaka 2022 mahakama ya Uholanzi ilimpa haki mfanyakazi aliyefukuzwa na kampuni moja ya Florida kwa kukataa kuacha kamera wazi siku nzima ya kazi, ilhali skrini yake walishakuwa wanaiona. Mtu akikwambia hilo ni jambo la kawaida, mwambie si kila mahali.

Upande wa pili wa mambo haya nautaja kwa kifupi, maana hauhitaji maelezo mengi. Na mimi ninazo siri za watu. Ankara za wale wenye mikahawa zinaonyesha nani anadaiwa na nani anakaribia kufunga, na wao hawajui kwamba chumba ninachozifungulia kina watu wanaoingia bila kubisha. Nikiondoka mezani nafunga skrini, hata kama naenda kuchukua chai tu. Sifanyi kazi mikahawani. Nilichokitaka kwao wasifanye kwa watu wangu, nami sikifanyi kwa watu wao.

Laptopu ya zamani imerudi kuwa ya nyumba. Mama amefurahi, chama kimefurahi, na jirani ameshaulizia kama Juni bado nipo. Aliyenuna ni mdogo wangu, kwa sababu ile mpya ina kasi zaidi na yeye ana kazi za chuo za kumaliza. Nimemkatalia. Akasema kwani ataiba nini. Nikamwambia haibi kitu, ila picha ya skrini ikimkuta na michezo yake ya mpira, nitakayeulizwa ni mimi.

Kampuni nayo imejibu. Wamekubali kuchangia nusu ya bei ya laptopu, nitaitia kwenye ankara yangu ya mwezi ujao. Kuhusu picha zinazonasa watu wengine, wamesema mwanasheria wao anaandika kifungu cha kuongeza kwenye mkataba: zifutwe pindi mfanyakazi anapotoa taarifa, bila kukatwa muda wake wa kazi. Nimewaomba niisome rasimu kabla haijatumwa kwa wenzangu, na wenzangu wawili wa Nairobi na mmoja wa Kampala wameniambia nao wanaitaka. Bado tunaingoja.